Kamera za ulinzi nyumbani, Arusha na Moshi: jinsi ya kuchagua kabla hujatoa hela

Swali linakuja karibu kila siku, na maneno yake hayabadiliki: "Naomba ushauri, kamera gani nzuri kwa nyumba?" Nyuma yake inafuata picha ya boksi lililoko dukani: kamera nane, megapikseli tano, zinaona usiku, bei ya ofa. Jibu langu huwa ni maswali mawili. Kutoka ukutani hadi getini ni mita ngapi? Na umeme ukikatika saa nane usiku, nini kitabaki kinawaka? Mwenye majibu ya hayo mawili ameshamaliza nusu ya kazi, hata kama hajui jina la kampuni moja ya kamera.

Mwongozo huu ni wa mtu anayelinda nyumba ya kuishi, si benki wala supamaketi. Msimamo wangu niuseme mapema: nyumba nyingi za Njiro, Sakina, Soweto au Rau zinatosheka na kamera tatu au nne. Hela ya zile nne nyingine za kwenye ofa ingefaa zaidi kwenye betri, diski na waya wa maana.

Kabla ya kuanza, uwe na hivi

- Karatasi, kalamu na futi ya kupimia. Ile ya fundi seremala ya mita 5 inatosha, utapima kwa vipande.
- Ngazi, na mtu wa kuishika.
- Simu yenye kamera. Utapiga picha kila mahali unapofikiria kufunga.
- Ruhusa ya mwenye nyumba kama umepanga, hasa kama ukuta utatobolewa.
- Ruta inayofanya kazi, kama unataka kuangalia ukiwa mbali. Kurekodi kwenyewe hakuhitaji intaneti.
- Bajeti uliyoigawa tayari. Mimi hugawa hivi: nusu kamera na mashine ya kurekodi, nusu nyingine diski, nyaya, umeme wa akiba na fundi.

Hatua ya 1: Zunguka nyumba, andika kazi ya kila kamera

Chora kiwanja chako. Weka geti, mlango wa mbele, mlango wa jikoni, maegesho, banda la kuku au ng'ombe, tanki, na upande wa ukuta unaorukika kirahisi. Zunguka mchana, halafu rudi usiku taa zikiwa zimezimwa.

Kwa kila sehemu andika sentensi moja: hapa nataka kuona nini? Majibu yako manne tu, na kila moja lina kipimo. Kipimo chenyewe ni idadi ya pikseli (vidoti vinavyounda picha) zinazoangukia kwenye upana wa mita moja pale mtu anaposimama. Kiwango cha kimataifa cha IEC 62676-4, toleo la mwaka 2014, kinazipanga hivi:

- Kujua kama kuna mtu au hakuna: pikseli 25 kwa mita.
- Kuona anafanya nini na amevaa nini: kama 63.
- Kumjua mtu ambaye tayari unamfahamu: 125.
- Kumtambua mtu usiyemjua kabisa, picha ya kumpelekea mpelelezi: 250.

Hapa ndipo malalamiko mengi yanapozaliwa. Watu wanataka kazi ya nne, wanafunga kamera ya kazi ya kwanza. Video ipo, mwizi anaonekana vizuri akitembea uani na jembe la kuvunjia, lakini uso ni ukungu mtupu. Kwa hiyo chagua sehemu moja au mbili tu ambazo lazima mtu azipite, kwa kawaida geti dogo na mlango, na hizo ndizo upange kupata sura. Sehemu nyingine ziridhike na kazi ya pili.

Hatua ya 2: Chagua mfumo

*Kamera za waifai zenye memori kadi.* Hizi ni kama Tapo, EZVIZ na Imou. Zinamfaa mpangaji, mwenye chumba na sebule, au mama anayetaka kumwangalia mtoto akiwa kazini. Unaifunga mwenyewe kwa jioni moja. Udhaifu wake ni kwamba ushahidi umo ndani ya kamera: anayeing'oa anaondoka nayo na kadi yake. Pia nyingi zinashika masafa ya 2.4 GHz tu, na ukuta wa tofali wenye nguzo za nondo unakula mawimbi kuliko unavyodhani. Kama kamera itakuwa zaidi ya kuta mbili kutoka kwenye ruta, usiitegemee.

Kamera za balbu nazo ni ndugu wa hizi. Kumbuka kwamba mtu akizima swichi ya taa ameizima na kamera, na nyingi ni za kukaza kwa kuzungusha ilhali holda za nyumba zetu nyingi ni za pini. Sizipendi kwa ulinzi wa kweli, ila kwa banda au stoo zinasaidia.

*DVR na waya wa koaksi.* DVR ni mashine ya kurekodi ya kamera za koaksi, na huu ndio mfumo wa maboksi mengi ya ofa. Kamera zinatuma picha kwa waya unaofanana na wa dishi la televisheni, na umeme wa volti 12 unapita kwenye waya wa pembeni. Ni wa bei nafuu, mafundi wanaujua, vipuri vipo kila mahali. Kwa nyumba iliyokwisha kujengwa na bajeti ya kubana, si chaguo baya hata kidogo.

*NVR na waya wa mtandao.* NVR ni mashine ya kurekodi ya kamera za mtandao. Kila kamera inavutiwa waya mmoja wa Cat6 unaobeba umeme na picha pamoja, kwa mfumo unaoitwa PoE, hadi mita 100. Picha ni nzuri zaidi na nyongeza baadaye ni rahisi. Kama nyumba yako bado iko kwenye lenta au hujapiga plasta, usifikirie mara mbili: mwambie fundi umeme alaze mabomba ya nyaya za kamera sasa hivi, hata kama kamera utanunua mwakani. Mabomba ni hela ndogo. Kuchimba ukuta uliokwisha kupakwa rangi si hela ndogo.

*Kamera ya laini na sola.* Hii ni ya nyumba ya Marangu, Machame, Kibosho au Rombo inayofungwa Januari na kufunguliwa Desemba watu wakipanda nyumbani. Ina laini ya simu ndani na paneli yake. Nyingi hulala na kuamka pale tu zinapohisi joto la mtu, kwa hiyo mara nyingine zinakamata mgongo badala ya uso. Kule mlimani, mawingu ya masika na ya Juni na Julai yanaweza kukaa siku nyingi bila jua la maana, basi nunua yenye paneli kubwa na betri kubwa. Laini isajiliwe kwa jina lako na uiwekee salio mara kwa mara. Laini isiyotumika hufungwa.

Ukinunua DVR, ichukue ya nafasi 8 hata kama una kamera 4. Na usome maandishi madogo. Mashine iliyoandikwa 1080N haina 1080 kamili: inarekodi pikseli 960 kwa 1080, nusu ya upana wa 1920 uliodhani unaununua.

Hatua ya 3: Lenzi kwanza, megapikseli baadaye

Wauzaji huzungumzia megapikseli kwa sababu ni rahisi kuzitaja. Kinachoamua kama utapata uso ni lenzi. Namba yake ni ya milimita: 2.8, 4, 6 na kuendelea. Namba ndogo inaona eneo pana lakini kila kitu kinakuwa kidogo, namba kubwa inaona eneo jembamba na kuvuta vitu karibu.

Hesabu za kukusaidia, kwa makadirio, kupata zile pikseli 250 za uso:

- Megapikseli 2, lenzi ya 2.8: mtu awe ndani ya mita 3.
- Megapikseli 4, lenzi ya 2.8: kama mita 4.
- Megapikseli 4, lenzi ya 4: kama mita 5 na nusu.
- Megapikseli 4, lenzi ya 6: kama mita 10.

Soma tena mstari wa kwanza na wa mwisho. Kutoka megapikseli 2 hadi 4 kwa lenzi ile ile umeongeza mita moja tu. Kubadili lenzi kumekuongezea mita 6. Na boksi la ofa, kamera zote nane, huwa na lenzi ya 2.8 au ya 3.6.

Kama geti liko mita 9 kutoka kwenye kona ya nyumba, una njia mbili: kamera ya lenzi ya 6 kwenye kona, au kamera ya 2.8 kwenye nguzo ya geti lenyewe. Ya pili inapigwa na watu, mvua na mikono ya wapita njia. Mimi huchagua ya kwanza.

Kuhusu jua: tuko kama nyuzi 3 kusini mwa ikweta, jua linapanda karibu moja kwa moja juu ya vichwa. Kamera inayotazama mlima au kuupa mlima kisogo, yaani kaskazini na kusini, haisumbuliwi sana. Inayotazama mashariki au magharibi itapigwa asubuhi au jioni, na mtu akiingia getini atakuwa kivuli cheusi. Kwa hiyo hapo tafuta kamera iliyoandikwa WDR 120 dB. Ile iliyoandikwa DWDR ni ya programu tu, haifiki mbali.

Hatua ya 4: Fikiria usiku

Mwizi haji saa sita mchana kukupa picha ya rangi. Kamera nyingi huona usiku kwa taa za infraredi, picha ikawa ya nyeusi na nyeupe. Nyingine huwasha taa nyeupe na kubaki na rangi. Ya rangi inakuambia jaketi lilikuwa jekundu na pikipiki ya bluu, na taa yenyewe inamfukuza mtu. Kwa geti naipenda hiyo. Kwa nyuma ya nyumba, infraredi inatosha.

Angalia namba ya mwanga kwenye lenzi: F1.0 inapitisha mwanga mara nne ya F2.0. Tahadhari moja: kamera ya megapikseli 8 ya bei ya chini mara nyingi ina kihisio (sensa inayopokea mwanga) kidogo kile kile cha megapikseli 2, kilichokatwa vipande vidogo zaidi. Usiku kila kipande kinapata mwanga kiduchu, kamera inachelewesha kufunga jicho, na mtu anayetembea anaacha mkia. Megapikseli 4 yenye kihisio kikubwa inaishinda.

Halafu kuna buibui. Taa za infraredi zina joto, wadudu wanakuja, buibui anafuata wadudu na kujenga mbele ya lenzi. Usiku utando unang'aa mweupe, simu yako inapiga kelele mpaka asubuhi. Fagio lenye mpini mrefu ni sehemu ya mfumo wa kamera, uliweke.

Hatua ya 5: Hesabu diski

Fomula haihitaji shule: kila megabiti 1 kwa sekunde inayorekodiwa mfululizo inakula GB 10.8 kwa siku. Kamera ya megapikseli 2 kwa mfumo wa kubana video wa H.265 inaweza kwenda vizuri kwa megabiti 2, yaani GB 21.6 kwa siku. Kamera nne ni kama GB 86. Diski ya TB 1 itakupa siku 11 hivi, ya TB 2 siku 23. Kwa mfumo wa zamani wa H.264 kata siku hizo karibu nusu.

Ninashauri usishuke chini ya siku 14. Wizi wa nyumbani haugunduliki palepale: gesi ya akiba, mashine ya maji, mabati ya stoo, vinaweza kukosekana wiki nzima kabla mtu hajauliza. Kwa mwenye nyumba ya kijijini, mwezi mzima.

Nunua diski iliyotengenezwa kwa kazi hii, kama WD Purple au Seagate SkyHawk. Diski ya kompyuta ya kawaida haikukusudiwa kuandika usiku na mchana. Sokoni zipo pia diski zilizokwisha kutumika, zimefutwa na kubandikwa lebo safi. Dawa yake ni rahisi: iweke kwenye mashine ukiwa bado dukani, ingia sehemu ya hali ya diski iliyoandikwa S.M.A.R.T., utazame saa ilizowahi kuwaka. Mpya inasoma sifuri au karibu yake. Ukikuta saa 20,000, hiyo imeshakesha zaidi ya miaka miwili kwa mwingine.

Kwa memori kadi, chukua iliyoandikwa kwamba ni ya kamera za ulinzi. Kadi ya TB 1 inayouzwa kwa bei ya vocha ni uongo: ndani ina GB chache, ikijaa inaharibu kila kitu. Ijaze mafaili mpaka juu, kisha jaribu kuyafungua, kabla hujapanda ngazi.

Hatua ya 6: Umeme

Nimeweka hatua hii hapa ili usiiruke, kwa kuwa ndiyo inayorukwa. Kamera nne, mashine na diski vinatumia kama wati 40 usiku. Ongeza wati 10 za ruta.

UPS (boksi la betri linaloshika umeme ukikatika) ndogo ya 650 VA ina betri ya volti 12, 7 Ah, ambayo ni wati-saa 84 kwenye karatasi. Ukitoa upotevu, inakubeba kwa saa moja, pengine na ushee. Inatosha kwa kukatika kwa kawaida na inailinda diski isizimwe ghafla. Haitoshi kwa usiku mzima. Kwa saa 12 unahitaji wati-saa 500 hadi 600, na hiyo ni betri ya sola ya 100 Ah na inveta ndogo. Mwenye inveta ya taa tayari, aongezee kamera humo humo. Na tokeni za LUKU zisiishie usiku, hilo halina vifaa.

Usisahau ruta. Kamera zikibaki zinarekodi lakini ruta imezimika, simu yako haitapata taarifa yoyote.

Radi ni jambo zito huku kwetu, hasa masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba. Waya mrefu wa shaba ulioning'inia nje unaalika mshtuko ndani ya mashine. Weka vizuia mshtuko kwenye umeme na kwenye nyaya za kamera za nje, ethi ya nyumba iwe ya kweli, na kamera isifungwe kwenye chuma kirefu kuliko vyote kiwanjani. Kama una nyumba mbili kwenye kiwanja kimoja, unganisha kwa waifai ya kurusha au faiba badala ya shaba. Nyaya za kamera zisilale sambamba na fensi ya umeme.

Hatua ya 7: Dukani

Iwe unanunua Barabara ya Sokoine mjini Arusha, katikati ya Moshi, au umeagiza Kariakoo mzigo uje na basi, mambo ya kukagua ni haya:

1. Waya. Omba kipande, kwangua kwa kisu. Ukibaki mwekundu ndani ni shaba. Ukigeuka mweupe ni aluminiamu iliyopakwa shaba: nafuu, unakatika, unapoteza umeme njiani, na kwa PoE unaweza kupata joto.
2. Kamera ya nje iwe na IP66 au IP67. Tarakimu ya kwanza ni vumbi, ya pili maji. Kiangazi cha Moshi kinahitaji ya kwanza, masika ya Arusha inahitaji ya pili.
3. Kamera na NVR za makampuni tofauti ziwe na ONVIF, yaani lugha ya pamoja ya vifaa vya kamera, zote mbili, ndipo zitaelewana.
4. Washa kila kamera dukani. Zima taa au ifunike kwa mkono uone infraredi ikiwaka.
5. Risiti ya EFD yenye namba za vifaa. Utaihitaji kwa waranti, na utaihitaji siku mashine ikiibiwa.

Kamera bandia zenye taa nyekundu inayopepesa, acha. Mwizi wa mtaani anazijua kuliko wewe.

Hatua ya 8: Kufunga

Unganisha kila kitu mezani kwanza, kirekodi usiku kucha. Kinachokufa mezani hakijakupandisha juu ya bati.

Kamera ya uso ikae mita 2.5 hivi kutoka chini. Mafundi hupenda kona ya juu kabisa kwa kuwa huko waya ni mfupi, na matokeo yake ni video ya kofia na upara. Iliyo juu ifae kwa kuona eneo zima.

Mashine ya kurekodi usiiweke sebuleni chini ya televisheni, hapo ndipo mwizi anapoanzia. Wala usiifiche juu ya dari: chini ya bati la Moshi mchana joto linaua diski. Kabati lenye kufuli na matundu ya hewa, chumba cha ndani, hapo sawa.

Maungio ya nje yaingie kwenye boksi la plastiki, na waya ushuke kidogo chini ya tundu kabla ya kuingia, ili maji yadondoke yasifuate waya.

Hatua ya 9: Mipangilio ya siku ya kwanza

Badilisha nywila ya kiwandani kabla ya kitu kingine. Mwaka 2016 virusi vilivyoitwa Mirai viliteka kamera na DVR kwa maelfu duniani kwa kujaribu tu nywila za kiwandani. Nywila uiweke wewe, si fundi, na fundi akimaliza umtoe kwenye orodha ya watumiaji. Simaanishi fundi wako si mwaminifu. Simu yake inaweza kuibiwa.

Weka saa: GMT+3, ijirekebishe yenyewe kwa intaneti. Mashine itaandika 02:15, na hiyo ni saa nane na robo usiku. Ukienda kutoa maelezo polisi taja moja kwa moja ni saa ipi, maana tofauti ya saa sita inaweza kumtoa mtu hatiani.

Tahadhari za mwendo: kama una migomba, na wengi wetu tunayo, jani likipepea simu inalia. Tumia kipengele cha kutambua mtu na gari kama kipo, au chora mstari wa kuvukwa getini badala ya kuchagua skrini nzima. Kwa kasi ya kurekodi, fremu (picha) 12 hadi 15 kwa sekunde zinatosha.

Kuangalia ukiwa mbali kunakula bando: megabiti 1 kwa sekunde ni kama MB 450 kwa saa. Chagua picha ya ubora mdogo kwa kutazama, ya ubora mkubwa ibaki kwenye diski. Tumia programu ya kampuni kwa kuskani msimbo wa QR. Kwa laini za simu, usipoteze siku kujaribu kufungua milango ya ruta (port forwarding), mara nyingi haifiki popote.

Hatua ya 10: Majirani na watu wa ndani

Kamera itazame kwako. Ikilazimika kugusa uwanja au dirisha la jirani, funika sehemu hiyo kwa kipengele cha kuziba faragha kilichomo kwenye mashine. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika tangu 1 Mei 2023. Dada wa kazi, kijana wa ng'ombe na mpangaji waambiwe kamera ziko wapi. Bafuni na vyumbani wanakolala watu, hapana, hata kwa maelezo gani. Maikrofoni zima kama huna sababu.

Ikikwama

*Kamera inafanya kazi mchana, usiku inazima na kuwaka.* Umeme haufiki. Infraredi zikiwaka matumizi yanapanda na volti zinashuka. Waya mwembamba wa nusu milimita mraba, mita 40, ukibeba nusu ampia, unapoteza karibu volti 1.4 hata ukiwa shaba safi. Badilisha waya uwe mnene au sogeza adapta karibu na kamera.

*Picha ina mistari inayopanda.* Angalia konekta za BNC, zile za mwisho wa waya wa koaksi, na ethi. Mara nyingi ni konekta iliyobanwa vibaya au waya uliolala na wa umeme wa nyumba.

*Usiku picha ni nyeupe tupu.* Kuna kitu karibu kinachorudisha mwanga: utando, ukingo wa bati, ukuta mweupe, au plastiki ya kinga haijabanduliwa. Kama ni ukungu wa alfajiri, wa Ngaramtoni au Tengeru, hakuna fundi wa kuurekebisha. Zima infraredi za kamera na uwashe taa iliyo mbali na lenzi.

*Kamera ya waifai haikubali kuungana.* Simu yako iko kwenye 5 GHz. Tenganisha majina ya mitandao kwenye ruta, ungana na 2.4, rudia.

*Inaonyesha moja kwa moja lakini hakuna kumbukumbu.* Diski haijafomatiwa, imekufa, au ratiba ya kurekodi haijawekwa. Jenga tabia ya kufungua video ya siku kumi nyuma kila mwanzo wa mwezi. Kuona picha za sasa kwenye simu si uthibitisho kwamba kuna kinachohifadhiwa.

*Tukio limetokea, nifanye nini na video?* Usisubiri, diski inaandika juu ya ya zamani. Nakili kipande kizima, kuanzia nusu saa kabla hadi nusu saa baada, kwenye flashi mbili, pamoja na programu ya kuchezea kama mashine inatoa mafaili ya aina yake yenyewe. Usikate, usiongeze maandishi. Andika nani amenakili, siku gani, saa ngapi, na tofauti kati ya saa ya mashine na saa halisi kama ipo. Kwa mwenyekiti wa mtaa na kundi la WhatsApp tuma picha moja ya skrini. WhatsApp inabana video na kula sura. Flashi moja nenda nayo kituoni ukafungue RB, ya pili ibaki kwako. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ushahidi wa namna hii mahakamani, na jinsi ulivyohifadhiwa ni sehemu ya kinachopimwa, kwa hiyo mashine yenyewe usiifomati wala kuibadilisha diski mpaka mpelelezi aseme amemaliza nayo.